Daktari anayekwenda ng'ambo kwa miaka miwili: atarudi vipi?

Tabibu wa Tudor (mwanzishaji wa uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Tangu nirejee Mombasa kutoka Uingereza, nilikofanya kazi miaka miwili kasoro wiki chache, haipiti juma bila kupigiwa simu na daktari anayetaka kujua njia ya kwenda. Maswali yao yote ni ya kwendea: ni mtihani gani, ada ni kiasi gani, viza inachukua siku ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza njia ya kurudia, ingawa karibu wote huanza kwa kuniambia kwamba wanakwenda kwa muda tu. Nimeona heri niandike hapa kwa urefu, nami nipumzike na simu.

Ninavyoona mimi, huo muda haumo katika nia ya mtu, umo katika karatasi zake. Kama barua yako ya likizo haina tarehe ya kuripoti tena kazini, kama leseni yako ya Kenya imekwisha na hukuihuisha, na kama mkataba wako wa huko hauna mwisho unaojulikana, basi umehama bila kujijua, hata ukiwaaga watu kwa kusema utarudi. Wazee wetu wenye majahazi hawakuwa na shida hii: walikwenda Arabuni na kusi wakarudi na kaskazi, na upepo ukigeuka hakuna nahodha wa kubishana nao. Daktari hana upepo wa namna hiyo, hivyo hana budi kujiwekea wake kwa maandishi.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Nilikwenda kwa mpango uitwao MTI, ambao Waingereza waliubuni kwa ajili ya madaktari wa nchi nyingine waliokwisha kupata uzoefu kwao, waende kujifunza huku wakifanya kazi, kisha warudi. Vyuo vya kifalme vya madaktari ndivyo vinavyomdhamini mtu mbele ya Baraza la Tiba la Uingereza, GMC, na kwa udhamini huo halazimiki kufanya PLAB, ule mtihani wa kusajiliwa wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza. Viza yake haizidi miezi 24, nami nakiri kwamba mwanzoni niliiona tarehe hiyo kama ukuta; baadaye nikaiona kuwa ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mwezi wa ishirini, nilipokuwa nimezoea na nimeanza kutamani kubaki, swali lilikuwa limekwisha kujibiwa zamani.

Masharti yake yana mtego mmoja ambao vijana hawauoni. Anayedhaminiwa anatakiwa awe amefanya kazi ya udaktari kwa miaka mitatu katika mitano iliyopita, na miezi 12 ya mwisho ikiwa miongoni mwake. Kwa hivyo daktari anayeacha kazi hapa ili "ashughulikie makaratasi" kwa utulivu hujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mtihani wa Kiingereza nao haukwepeki: ni IELTS kwa alama 7.5 kwa jumla, bila kushuka chini ya 7 katika sehemu yoyote, au OET kwa daraja la B katika kila sehemu. Mimi niliyesomeshwa kwa Kiingereza maisha yangu yote nilianguka sehemu ya kuandika mara ya kwanza nikalipa ada upya, na mke wangu hajaacha kunicheka mpaka leo. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma tovuti za wenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Anayepitia PLAB ana njia nyingine. Sehemu ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu, na sehemu ya pili hufanyiwa Manchester peke yake, ambako mtahiniwa hupita vituo 16 akiwahudumia waigizaji wanaojifanya wagonjwa. Ni njia halali na nzuri, lakini haina tarehe ya mwisho ndani yake. Wengi niliowajua waliopita huko hawakurudi, wala siwalaumu. Ninachokataa ni kuita hilo safari ya muda.

Sasa kazi yenyewe. Niliwekwa katika wodi ya wazee, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza ambao majira ya baridi jua lake huzama kabla ya saa kumi jioni. (Funga za Jumatatu na Alhamisi hazijapata kuwa rahisi vile maishani mwangu.) Usiku wa kwanza wa zamu muuguzi alinipigia simu kuniambia kwamba hemoglobini ya mgonjwa ni sabini na nne. Nilinyamaza. Kwa sekunde chache nilidhani mashine imeharibika, mpaka nikakumbuka kwamba wao hupima kwa gramu katika lita moja, nasi hapa hupima kwa gramu katika desilita, kwa hivyo sabini na nne yao ndiyo saba nukta nne yetu, na mgonjwa alikuwa akihitaji damu. Anayekwenda Marekani atakutana na tofauti ya namna hiyo katika sukari: sisi na Waingereza tunatumia milimoli, wao miligramu, na lazima uzidishe kwa 18 ili uelewane nao. Hakuna aliyenifundisha haya kabla ya safari, na ni mambo ya dakika tano tu.

Kilichonitaabisha zaidi hakikuwa tiba. Bibi wa miaka themanini na kitu alikuwa amepona nimonia, damu safi, kifua safi, lakini alikaa wodini wiki baada ya wiki akingoja apatikane mtu wa kumsaidia kuoga nyumbani kwake. Hapa kwetu jamaa wangekuja na tuktuk siku ya pili, wakambeba nyanya yao mpaka Mji wa Kale, na huenda wakamtoa hata kabla sijaridhika. Kisha kulikuwa na mazungumzo ya kumuuliza mgonjwa iwapo, moyo wake ukisimama, angependa tujaribu kuufufua au tumwache aende kwa amani. Daktari mkuu wangu alinituma nikamuulize mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa na akili zake timamu. Nilisimama mlangoni kwa muda mrefu. Huku nimezoea kumwita mwana mkubwa pembeni, tukanong'ona ukumbini, naye akaamua namna ya kumfikishia mama yake. Yule bibi aliniona nimeshikwa na haya, akaniambia niketi, kisha akanijibu kwa utulivu kuliko nilivyouliza. Tangu siku hiyo nimebadilika katika kuzungumza na wagonjwa wangu, ingawa hapa Mombasa bado naanza kwa kuomba ruhusa ya familia, kwa sababu nisipoomba nitafukuzwa.

Upande wa nyumbani, nilikosea jambo moja kubwa. Nilipewa likizo bila malipo na mwajiri wangu, nikafurahi nikaondoka, bila kuhakikisha kwamba barua inaeleza nirudishwe vipi kwenye orodha ya mishahara. Niliporipoti kazini tarehe ile ile iliyoandikwa, nilifanya kazi miezi minne bila mshahara huku faili langu likizunguka baina ya ofisi. Basi ombeni barua itaje cheo mtakachorudia, tarehe, na afisa anayehusika, na muache nakala kwa mtu mnayemwamini.

Karibuni kwa maswali.

Daktari Mchanga

Shikamoo daktari, na ahsante kwa kutufungulia mlango. Mimi nilimaliza uanagenzi mwaka jana na sijaajiriwa na kaunti yoyote. Nafanya lokamu, yaani zamu za muda za kushikia wengine, katika zahanati tatu za binafsi, moja Changamwe na mbili Kisauni, na kuna wiki napata zamu tano na kuna wiki sipati hata moja. Wakala amenipigia akaniambia kuna nafasi Saudia za daktari wa kawaida, kandarasi ya miaka miwili, nyumba na tiketi juu yao. Mama yangu amekataa. Anasema kila aliyemwona akienda kwa miaka miwili alirudi na mvi, na ananisomea ile methali ya mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani kana kwamba mimi ndiye niliyetungiwa.

Ninayo maswali mawili. La kwanza, je, kwa mtu asiye na ajira ya kurudia, hiyo karatasi ya kurudi unayoisema inaandikwa na nani? La pili, nianzie wapi na vyeti?

Aliyerudi Jeddah

Mwanangu, huyo mama yako ni mtu wa busara, lakini methali yake ina upande wa pili. Ngamani ndiko maji yanakokusanyika na ndiko yanakotekwa. Anayerudi huko harudi kupumzika.

Nilikuwa Saudia miaka minne, kuanzia 2015 mpaka 2019, hivyo nitasema ninayoyajua. Kwanza kabisa, wakala si mlango. Mlango ni tume ya Saudia inayosimamia wataalamu wa afya, ambayo hukuainisha cheo chako, hukufanyisha mtihani, na hutaka vyeti vyako vihakikiwe na kampuni ya DataFlow moja kwa moja kutoka chuo kilichovitoa. Nchi za Ghuba huulizia miaka ya uzoefu, na mwaka wa uanagenzi kwa kawaida hauhesabiwi. Kijana aliyemaliza mwaka jana, na ambaye lokamu zake hazina barua za kuzithibitisha, huenda akalipia uhakiki wote kisha akaambiwa hajafikia. Kwa hivyo kabla ya lolote, nenda katika hizo zahanati tatu uombe barua zenye tarehe, muhuri na idadi ya saa ulizofanya, maana zahanati za binafsi hufungwa au hubadilisha mwenyewe, na ukirudi baada ya miaka mitatu humkuti aliyekuandikia zamu.

La pili ni majina, na hili hutukuta sisi watu wa Pwani kuliko wengine. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema Mohamed kwa "m" moja katikati, cha kidato cha nne kinasema Mohammed kwa mbili, shahada imeacha jina la babu, na pasipoti ina yote matatu. Hapa nyumbani hakuna anayejali. Kule kila herufi ni mtu mwingine. Niliandikiwa hati ya kiapo na wakili, nikaipeleka Wizara ya Mambo ya Nje kule Nairobi ikapigwa muhuri, kisha ubalozini, na kwa ajili ya herufi moja nilipanda treni ya usiku ya kampuni ya basi mara nne, maana wakati ule treni mpya ya SGR ilikuwa haijaanza. Nasema treni ya usiku kwa mzaha. Ilikuwa basi, na mgongo wangu unalikumbuka.

La tatu ni lugha. Nilikwenda nikijisifu kwamba nimesoma madrasa tangu nikiwa na miaka mitano na naweza kusoma Kiarabu bila kigugumizi. Siku ya kwanza zahanatini mama mmoja aliniletea mtoto akaniambia ana "harara." Nikamvua mtoto shati nikaanza kutafuta vipele, kwa sababu kwetu harara ni vile vipele vya joto ambavyo kila mtoto wa Mombasa amepakwa poda kwa ajili yake. Yule mama alinitazama kama mwendawazimu. Kwao harara ni joto la mwili, yaani mtoto alikuwa na homa. Kiarabu cha msikitini hakikufikishi wodini; kaa na wauguzi wa Kimisri na wa Kisudani wakufundishe lugha ya wagonjwa, nao watafurahi.

Sasa nije kwenye jambo la mwanzishaji, la kurudi. Sheria ya kazi ya Saudia inampa mfanyakazi kiinua mgongo cha nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka baada ya hapo. Lakini ukijiuzulu mwenyewe kabla ya miaka miwili hupati kitu, na ukijiuzulu kati ya miaka miwili na mitano unapata theluthi tu. Hebu fanya hesabu: miaka minne ikimalizika kwa kandarasi kufika mwisho wake, nawe hukuihuisha, ni mishahara ya miezi miwili, miaka hiyo hiyo minne ukiondoka kwa barua ya kujiuzulu, ni mshahara wa siku ishirini hivi. Rafiki yangu aliandika barua ya kujiuzulu wiki sita kabla ya kandarasi kwisha kwa sababu alikuwa amechukiwa na mkubwa wake na alitaka kuwahi harusi ya dadake. Harusi ilikuwa nzuri.

Katika miaka yangu mtu hakuweza kutoka nchini bila mwajiri kumwombea viza ya kutoka na kurudi. Tangu mageuzi ya Machi 2021 wafanyakazi wengi wanaweza kujiombea wenyewe, na hilo limepunguza machungu ambayo sitayaeleza hapa.

Muuguzi wa Usiku

Nimewasoma nyote kwa heshima, na naomba mniruhusu niwe mkali kidogo. Mwanzishaji ametueleza kwamba bibi wa Kiingereza alimwambia aketi. Vizuri. Je, aliuliza ni nani aliyeketi mahali pake hapa? Daktari bingwa akipewa likizo ya miaka miwili, nafasi yake haijazwi kwa sababu kwenye vitabu bado yupo. Tunaobaki ndio tunaompigia simu mwanagenzi saa nane za usiku kwa mgonjwa aliyestahili kuonwa na bingwa. Likizo hiyo hiyo mnayotaka iandikwe kwa ufundi ndiyo inayotufunga mikono.

Wala sisemi msiende. Najua serikali yetu ilileta madaktari 100 kutoka Cuba mwaka 2018 huku vijana wetu wakikaa nyumbani na stashahada na shahada zao, na mpango ule ukafutwa 2023. Najua mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulikwenda siku 100, na ule wa 2024 siku 56, na kwamba wanagenzi walioahidiwa shilingi 206,000 kwa mwezi waliambiwa wapokee 70,000. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo wake juu ya kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje mwaka 2010, ukizitaka nchi tajiri zisizinyang'anye nchi zenye upungufu. Kwetu lakini upungufu uko wodini na madaktari wako vijiweni, kwa wakati mmoja, na mwongozo haukuandikiwa jambo la ajabu kama hilo.

Ombi langu ni dogo. Anayeomba likizo aiombe pamoja na mtu wa kushika nafasi yake kwa mkataba wa muda ule ule, na alisimamie hilo mpaka liandikwe kabla ya kufunga sanduku. Huyu Daktari Mchanga asiye na ajira ni wa nini kama si hilo?

Tabibu wa Tudor

Dada, umenikamata, wala sina la kujitetea. Sikumwomba mwajiri wangu aajiri mtu wa kushika nafasi, na wala sikulifikiria. Wenzangu wawili waligawana kliniki yangu ya kisukari kwa miaka miwili, na mmoja wao hadi leo hunisalimu kwa ubaridi. Ningekuwa ninaandika upya chapisho langu la kwanza, jambo lako lingetangulia lile la mshahara.

Nilichorudi nacho nitakisema pia, pamoja na kilichoshindikana. Kule kila mgonjwa huandikiwa alama kwa vipimo sita, yaani kasi ya kupumua, oksijeni, presha (ile tarakimu yake ya juu), mapigo ya moyo, fahamu na joto la mwili, na jumla ikifika 7 daktari huitwa kwa dharura. Nilidhani ni kitu kitakachosafirishika kwa urahisi kwa sababu hakihitaji mashine ya bei, ni karatasi tu. Nikapiga chapa fomu kwa pesa zangu, nikawafundisha wauguzi wa wodi yangu kwa wiki mbili. Mwezi wa kwanza ilikwenda. Wa pili safu za usiku zilianza kubaki tupu. Nilikasirika, mpaka nilipokaa zamu ya usiku nzima nikihesabu, nikaona kwamba muuguzi mmoja hawezi kuzunguka wodi ile kila saa nne na bado akatoa dawa na kupokea wagonjwa wapya. Sasa tunaandika alama kwa wale tu walioingia ndani ya saa 48 na wale ambao muuguzi mwenyewe ana wasiwasi nao. Si ule mfumo nilioukuta kule. Unafanya kazi lakini.

Sasa nimjibu Daktari Mchanga swali lake la kwanza. Asiye na ajira ya kurudia ana karatasi moja, nayo ni leseni. Ihuishe kila mwaka kabla ya Desemba 31 hata kama huitumii, na ukusanye alama zako 50 za mafunzo endelevu. Mimi nilihifadhi cheti cha kila mafunzo niliyohudhuria kule. Kama una mkopo wa masomo wa serikali, wa HELB, panga malipo yake kabla ya kuondoka, kwa sababu anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi, na ukirudi utakuta deni limekua kuliko wanao. Ritani ya kodi ya KRA nayo hujazwa kabla ya Juni 30 kila mwaka, hata kama huna cha kujaza ila sifuri.

Kwa wanaoniuliza pembeni juu ya nchi nyingine: Marekani ina viza ya J-1 ambayo madaktari wengi wa kigeni huendea mafunzo ya ubingwa, na sharti lake ni kurudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza, isipokuwa upate msamaha, kwa mfano kwa kukubali kuhudumu katika maeneo yao yenye uhaba wa madaktari. Ujerumani hutoa kibali cha muda cha kutibu kisichozidi miaka miwili huku daktari akikamilisha kutambuliwa kwa shahada yake, lakini ujue Kijerumani kwanza, na kiwe Kijerumani cha kitabibu.

Umm wa Kisauni

Mimi si daktari. Mume wangu ni daktari na alikuwa nje miaka miwili, nami nilibaki hapa na watoto watatu na kazi yangu ya ualimu. Nimesoma karatasi zote mlizozitaja na sijaona ya nyumbani.

Mwaka wa kwanza watu walidhani tumetajirika. Hakuna harusi iliyopita mtaani bila bahasha yetu kutarajiwa kuwa nene, na shemeji zangu watatu waliomba mtaji wa biashara kwa mwezi mmoja. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake ilimezwa na kodi ya nyumba kule, joto la nyumba, na madeni ya mitihani na viza aliyokopa kabla ya kwenda. Tulifanya jambo moja ambalo nawashauri wengine walifanye: tulikaa na mama mkwe na kaka zake kabla hajaondoka, akawaeleza mshahara wake kwa tarakimu, akawaeleza matumizi kwa tarakimu, na akasema ni kiasi gani kitakachokuja kila mwezi na kwa nani. Ilikuwa aibu kwake kutaja mshahara mbele ya watu. Lakini lawama zilipungua nusu.

Jambo la pili ni watoto. Mdogo wetu alikuwa na miaka miwili baba yake alipoondoka. Aliporudi, mtoto alimkubali vizuri mchana, usiku ukifika anamwambia "sasa rudi kwenye simu." Alidhani huko ndiko anakoishi. Ilichukua miezi kadhaa, na mume wangu, ambaye hakulia alipozika babake, alilia kwa hilo. Kwa hivyo kama viza inaruhusu familia, na kama mke hana kazi itakayopotea, nendeni pamoja. Mimi nilikuwa na kazi, nikachagua, na bado sijui kama nilichagua sawa.

Daktari Mchanga

Nawashukuru sana wakubwa wangu, na wewe mama Umm wa Kisauni nimemsomea mama yangu maneno yako mpaka mwisho. Hajasema ndiyo, lakini ameacha kunisomea methali. Nimeamua kutomlipa wakala chochote. Jumatatu nitakwenda Huduma Centre, pale posta kuu, nipigwe alama za vidole kwa ajili ya cheti cha mwenendo mwema, kisha niombe kile cheti cha hadhi njema kutoka baraza la madaktari, ili angalau nianze na vyeti vilivyo rahisi.

Tabibu wa Tudor

Ndugu yangu, usianze na hivyo. Hivyo ndivyo vya mwisho. Cheti cha hadhi njema kutoka baraza letu, kwa GMC kwa mfano, hakikubaliwi kikipita miezi mitatu tangu kitiwe sahihi, na cha mwenendo mwema nacho huulizwa kikiwa kipya. Ukivichukua Jumatatu hii vitakuwa vimechakaa kabla hujapata hata tarehe ya mtihani, na utalipa tena. Jumatatu nenda kwenye zile zahanati tatu ukachukue barua za lokamu. Jumanne toa cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, shahada na pasipoti, uvipange juu ya meza, usome jina lako herufi kwa herufi, kisha rudi hapa utuambie umekuta majina mangapi.